Kentucky: wanalala porini na farasi wao, mahali ambapo zamani kulikuwa vijiji

Upande wa magharibi wa jimbo la Kentucky, inchini Marekani, kuna pori refu lililobanwa kati ya maziwa mawili. Mwisho wa juma unapokaribia, motokari kubwa zinaingia mule zikikokota remorki zilizobeba farasi. Wenye farasi hawaendi kuwauza, wala hawaendi kwenye mashindano. Wanaenda kulala nao. Wanafunga farasi, wanasimika hema, wanawasha moto, na kwa siku mbili ao tatu wanazunguka ndani ya miti wakiwa juu ya mgongo wa mnyama.

Pori hilo linaitwa Land Between the Lakes, maana yake inchi iliyo katikati ya maziwa. Lina hektari karibu 69 000, sawa na kilomita za mraba 690 hivi, na sehemu yake ya kusini inaingia katika jimbo la Tennessee. Kwa kulinganisha, Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 ilikuwa na kilomita za mraba 600. Tutarudi kwenye Kahuzi-Biega, maana mapori haya mawili yanafanana kwa jambo moja ambalo mtalii halioni kwa urahisi.

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, Kentucky si jina geni tena. Ni moja ya majimbo ya Marekani yaliyopokea wakimbizi wengi kutoka Congo. Ndugu zetu wako Louisville, Lexington, Bowling Green, Owensboro. Katika mji wa Lexington, Kiswahili ni kati ya lugha zinazosikika sana nyuma ya Kiingereza na Kispanyola. Kila mwenye mjomba ao shangazi kule amekwisha kutumiwa picha moja kwenye simu: majani mabichi, uzio mrefu wa mbao, na farasi nyuma yake. Ni inchi ya farasi kweli. Mashindano ya Kentucky Derby yanafanywa Louisville tangu mwaka 1875, Siku ya Mosi ya kwanza ya mwezi wa tano, na farasi anayekimbia pale anaweza kugarimu kuliko nyumba nyingi za Bukavu zikiwekwa pamoja.

Lakini farasi wa habari hii si yule. Huyu ni farasi wa fundi wa motokari, wa mwalimu, wa muuguzi aliyestaafu. Mara nyingi ni wa ukoo uitwao Quarter Horse ao Tennessee Walking Horse, mnyama mtulivu anayejua kutembea saa nyingi bila kushtuka. Wengine hawana farasi, wana nyumbu, mtoto wa punda na farasi, na watakuambia kwamba nyumbu ana akili zaidi: akiona pahali pabaya anakataa kupita, hata umchape namna gani.

Juu ya nini hapa kwetu hatuna desturi hii

Mtoto wa Uvira ao wa Beni anaweza kukua hadi kuoa bila kuona farasi kwa macho. Si kwa sababu babu zetu hawakutaka mnyama wa kupanda. Nzi wa tse-tse, yule yule anayemletea mtu malale, anampa farasi ugonjwa unaommaliza nguvu na damu mpaka anaanguka. Na penye vijidudu vidogo kuliko mbu kuna ugonjwa mwingine, homa ya farasi ya Afrika, unaoweza kuua farasi kwa siku chache tu. Ndiyo maana farasi wa Afrika wamestawi zaidi katika inchi za juu na za baridi kama Ethiopia na Lesotho, ao kwenye ukavu wa Sahel. Congo, vilabu vya kupanda farasi viko katika miji kama Kinshasa na Lubumbashi, na wenye kuvijua ni watu wa mfuko.

Kuna wakati wakoloni wa Kibelgiji walitafuta mnyama mwingine wa kufanya kazi ambayo farasi hakuweza. Wakamchagua tembo. Mwanzoni mwa karne ya 20, ofisa mmoja jina lake Jules Laplume alianza kufuga tembo huko Api, upande wa Uele, na baadaye kazi hiyo ikahamia Gangala-na-Bodio, pembeni ya Garamba. Tembo wa Congo walifundishwa kuvuta magari na kubeba mizigo, na baadaye kubeba watalii. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutembea porini juu ya mnyama ni jambo la wazungu wa Marekani peke yao. Sisi tulianzia juu zaidi.

Mgeni anayekunywa bidoni mbili kwa siku

Ndani ya Land Between the Lakes, kampi kubwa ya farasi inaitwa Wranglers. Kuna nafasi za hema na za remorki zenye umeme, mabafu ya watu, na mazizi yenye vyumba kwa ajili ya farasi. Kutoka pale zinaanza njia za farasi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, nyingine pana kiasi cha kupitisha gari la kukokotwa na farasi.

Kazi ya kulala porini na farasi ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Farasi mzima ana kilo 450 hadi 500. Kwa siku anakula majani makavu kilo 8 hadi 10 na anakunywa maji litri 25 hadi 45, kufwatana na joto na kazi. Hesabu kwa bidoni za litri 20: ni mbili kwa farasi mmoja, ao zaidi kidogo. Kule Ndosho ao Panzi, kuna familia ambazo maji ya siku nzima hayapiti hapo. Kisha mnyama huyo huyo anatoa samadi ya kilo 20 na zaidi kwa siku. Mwenye farasi wawili aliyekaa siku tatu ana zaidi ya kilo 100 za kuzoa kwa koleo kabla ya kuondoka, na sheria ya kampi yoyote ya farasi ni kwamba anazoa mwenyewe. Hakuna mtoto wa kazi wa kuitwa.

Usiku ndio mtihani. Wasiokuwa na chumba kwenye zizi wanafunga kamba juu, kati ya miti miwili mikubwa, mahali pa juu kuliko kichwa cha mtu, ikavutwa mpaka ikakaza. Kamba ya farasi inaning'inia kutoka pale, fupi kiasi kwamba pua yake inafika karibu na chini lakini mguu hauwezi kupita juu ya kamba na kunaswa. Farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, maana miguu yake ina namna ya kujifunga yenyewe, lakini kwa usingizi mzito anahitaji kulala chini hata kidogo. Mwenye kuijua kazi anaacha urefu unaotosha. Asiyeijua anaamshwa saa nane ya usiku na kelele za mnyama aliyejizonga.

Na kamba ile haizungushwi moja kwa moja kwenye mti. Inawekwa kwanza mkanda mpana, kama ule wa kufungia mizigo juu ya lori, ili ganda la mti lisikatwe. Kumfunga farasi kwenye shina lenyewe kwa muda mrefu ni kosa kubwa. Farasi aliyechoka kungoja anachimba chini kwa kwato, anafunua mizizi, anatafuna ganda. Mti haufi siku ile. Unakufa miaka mingi baadaye, na wa kwanza kuuona umekauka si yule aliyeufunga mnyama. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mwenye kampi anajaza mashimo aliyochimba farasi wake na kusawazisha udongo.

Miti nayo inaweza kumuua farasi. Mwepo mwekundu, mti wa kawaida kabisa katika misitu ya mashariki ya Marekani, majani yake yakinyauka yanaharibu damu ya farasi. Tawi lililoanguka kwa dhoruba, likakaa siku mbili juani pembeni ya kamba, linatosha. Mcheri wa mwitu nao, majani yaliyonyauka yanatoa sumu ya sianidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu anayefika, hata kabla ya kahawa, ni kutazama juu na kutazama chini: mti gani huu, tawi gani limelala hapa. Wafugaji wetu wa Masisi na wa Fizi hawatashangaa. Nao wanajua majani ambayo ngombe hafai kuguswa nayo.

Mtu mwenyewe analindwa na nini? Kupe, zaidi ya yote. Kuna kupe wa Kentucky ambaye akikuuma anaweza kukuachia mzio wa nyama: unakula ngombe ao nguruwe, na baada ya masaa machache mwili unavimba, unawasha, wengine wanakosa pumzi. Mtu aliyekuja kula brosheti porini anarudi nyumbani akiwa wa kuku na samaki. Nyoka wenye sumu wako pia, lakini kupe ni wengi kuliko nyoka, na wanapanda farasi kama wanavyopanda watu. Kila jioni, farasi na mwenye farasi wanakaguliwa.

Karatasi ya farasi

Hakuna farasi anayeingia bila karatasi. Anayejua mpaka wa Ruzizi, pale unapoombwa kadi ya manjano ya chanjo, ataelewa mara moja. Karatasi ya farasi inaitwa Coggins, kwa jina la daktari wa mifugo Leroy Coggins aliyetengeneza kipimo hicho karibu mwaka 1970. Wanatoa damu, wanaipeleka maabara, wanatafuta kama mnyama ana virusi vya anemia ya farasi. Kentucky inaomba kipimo kisichozidi miezi 12.

Sababu yake ni nzito. Ugonjwa ule hauna chanjo wala dawa. Unabebwa na nzi wakubwa wanaouma: nzi akimuuma farasi mgonjwa, akafukuzwa na mkia, akaenda kumaliza chakula chake kwa jirani, ameubeba. Farasi akipatikana nao anauawa, ao anatengwa maisha yake yote, mbali na farasi wengine kwa mita zisizopungua 180 hivi. Sasa fikiria kampi yenye farasi makumi, waliotoka majimbo matano, wamefungwa kwenye kamba bega kwa bega, wakati wa joto. Mmoja asiye na karatasi anaweza kuingiza hasara katika mazizi ya watu ambao hata hakuwasalimia.

Chakula cha farasi nacho kinaangaliwa. Katika mapori mengi ya serkali, hasa upande wa magharibi wa Marekani, inaombwa majani makavu yaliyothibitishwa kuwa hayana mbegu za magugu, maana farasi anakula mbegu nyumbani na kuipanda porini kwa samadi. Hata kuni zina sheria: usilete kuni kutoka mbali, nunua ao okota karibu, kwa sababu wadudu wanaokula miti wanasafiri ndani ya kuni. Mdudu mmoja aliyetoka Asia ameua miti ya fraxinus kwa mamilioni katika Marekani, na safari zake nyingi alipelekwa na watu waliokwenda kulala kwenye hema.

Njiani pia kuna adabu. Njia nyingine ni za watu wa miguu tu. Pale njia inapochangiwa, baiskeli inampisha kila mtu, na mtu wa miguu anampisha farasi. Anasimama upande wa chini wa mteremko na kusema maneno kidogo kwa sauti ya kawaida, ili mnyama ajue kwamba kitu hiki chenye mfuko mkubwa mgongoni ni mtu. Mvua ikinyesha sana, mwenye busara habandui farasi kampini. Uzito wa nusu tani pamoja na mpandaji unashuka juu ya kwato nne ndogo, na njia laini inageuka mfereji. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kuwinda paa kwa bunduki, mpandaji anavaa kizibao cha rangi ya machungwa, na wengine wanamvalisha hata farasi.

Ukiorodhesha yote haya, unaona kwamba mti mmoja wa pori lile unalindwa na sheria nyingi. Hatusemi hivyo kwa kucheka. Ni vizuri. Lakini inabidi kuuliza pori lenyewe lilitoka wapi.

Walikaa wapi wenye shamba

Zamani eneo hili liliitwa kati ya mito, maana Mto Tennessee unapita upande mmoja na Mto Cumberland upande mwingine, kabla ya maji kuzuiliwa. Wakaaji wake walilima mahindi na tumbaku, walifuga nguruwe, walikata miti. Kijiji cha Golden Pond kilijulikana mbali wakati pombe ilipokatazwa Marekani nzima, kuanzia mwaka 1920 hadi 1933: wakaaji walitengeneza usiku pombe kali ya mahindi, ndugu kamili ya lutuku yetu, na kuipeleka mijini kwa kujificha.

Kisha serkali ikaja, kidogo kidogo. Shirika la TVA, lililoundwa mwaka 1933 kujenga mabwawa na kutoa umeme, lilimaliza bwawa la Kentucky mwaka 1944, na mashamba ya bondeni yakafunikwa na maji. Jeshi la wahandisi likajenga bwawa la Barkley upande wa pili, lililofunguliwa mwaka 1966, na ziwa la pili likapatikana. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1963, Rais John Kennedy alitangaza kwamba kipande cha ardhi kilichobaki kati ya maziwa kitakuwa eneo la taifa la mapumziko, chini ya TVA. Fikiria SNEL ikipewa pori zima ili ilisimamie kwa furaha ya watalii.

Mamia ya familia waliondolewa. Kuna waliohamishwa mara ya pili ao ya tatu: maji yalikuwa yamewafukuza bondeni, wakapanda mlimani, na mlimani wakafukuzwa na mapumziko ya watu wengine. Nyumba zilibomolewa ao kuchomwa. Maduka, shule, makanisa, vyote vikatoka. Sheria ya Marekani inairuhusu serkali kuchukua shamba la mtu kwa faida ya wote, mradi imlipe bei ya haki, na TVA ililipa. Lakini wengi walisema bei ile haikuwa ya haki, wengine walikwenda mahakamani, na wengine walikataa kutoka mpaka siku ya mwisho. Watoto wao mpaka leo hawalitumii kwa furaha jina la Land Between the Lakes. Wanasema Between the Rivers, kati ya mito, kama baba zao walivyosema.

Neno moja walilishika sana: waliambiwa kwamba ardhi ile haitageuzwa biashara. Katikati ya miaka ya 1990, TVA ilipoleta mawazo ya kuendeleza utalii wa kibiashara mule, wenye asili ya pale walisimama, na wapenzi wa pori wakasimama pamoja nao. Matokeo yake ni sheria ya mwaka 1998, ambayo ilifungua njia ya kuondoa pori mikononi mwa TVA na kulipeleka kwa Forest Service, idara ya misitu ya serkali, mwaka 1999. Mtu anayefunga kamba yake leo Wranglers bila kuona hoteli ya gorofa nne pembeni anafaidi ubishi wa watu waliofukuzwa. Wengi hawajui.

Alama zao ziko. Mpanda farasi anayepita mwezi wa tatu anaweza kuona, katikati ya miti mitupu, mstari ulionyoka wa maua ya manjano. Maua yale hayajipandi kwa mstari. Mama wa nyumba aliyapanda mbele ya mlango wake, nyumba ikaondoka, maua yakabaki. Ni kama hapa kwetu unapotembea msituni ukakuta migomba ao mwembe peke yake: unajua kwamba watu walikuwa hapa. Na kuna makaburi. Ndani ya pori kuna mahali pa kuzikia zaidi ya 200, mengine yenye majiwe machache tu bila majina. Jamaa za marehemu wana haki ya kuingia, kusafisha, na hata kuwazika watu wao pale. Mwenye farasi mwenye adabu hampitishi mnyama juu ya makaburi yale, wala hamfungi karibu.

Batwa wa Kahuzi-Biega

Tulisema tutarudi nyumbani. Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970, na ilipopanuliwa mwaka 1975 mpaka kilomita za mraba 6 000, Batwa walikuwa ndani. Msitu ulikuwa nyumba yao, dawa yao, makaburi yao. Walitolewa bila kuulizwa na bila kulipwa. Wakakaa pembeni ya mashamba ya wengine, upande wa Kabare na Kalehe, wakifanya kazi za kibarua katika ardhi isiyo yao, wakati wageni wanapitia Tshivanga kwenda kuona gorila.

Mwisho wa mwaka 2018, baadhi yao walirudi msituni. Yaliyofwata yanajulikana hapa Kivu ya Kusini: mapambano na walinzi wa hifadhi, watu waliokufa pande zote, vijiji vilivyochomwa, na miti iliyokatwa kwa makaa. Mwaka 2022 Congo ilitoa sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai, ya kulinda haki za watu wa asili Mbilikimo. Na mwezi wa saba 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao Banjul, ilitangaza uamuzi wake: Congo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Iliomba ardhi yao irudishwe, walipwe fidia, na waombwe radhi hadharani.

Hatuweki Kentucky na Kahuzi kwenye mizani moja. Mkulima wa Golden Pond alikuwa na karatasi ya shamba, alilipwa hata kama ni kidogo, aliweza kupata mwanasheria, na leo mjukuu wake anaweza kuzikwa karibu na babu. Mutwa hakuwa na karatasi, na kwa miaka makumi kuingia kwenye kaburi la baba yake kumeitwa kosa. Lakini hoja iliyotumika ni ile ile pande mbili: kwamba msitu mzuri ni msitu usio na watu, isipokuwa wale wanaokuja kwa siku tatu na kulipa. Tunapozungumza juu ya kufufua utalii Kivu, siku amani itakaporudi, na kampi za hema zitakapofunguliwa tena kule Virunga na Kahuzi, suala la nani alikuwa ndani mbele ya mtalii litawekwa mezani. Kentucky limekaa mezani tangu mwaka 1963, na bado halijaisha.

Kwa wasomaji walio Kentucky

Kuingia Land Between the Lakes hakulipishwi. Kinacholipwa ni kulala kwenye kampi, pamoja na baadhi ya maeneo ya kutembelea, kama vile uwanda uliozungushiwa uzio ambamo wanakaa nyati wa Amerika na wapiti. Wasio na farasi waulize Wranglers kama kuna safari za farasi zinazoongozwa siku hiyo, na wasiowahi kupanda waseme ukweli mapema. Miezi mizuri ni wa nne na wa tano, kisha wa kumi. Katikati ya kiangazi kuna joto zito lenye unyevu, na kupe wako kazini. Vaeni suruali ndefu na muingize ncha zake ndani ya soksi, hata kama watoto watacheka.

Barabara kubwa inayokata pori kutoka kaskazini hadi kusini inaitwa The Trace. Katikati yake, inapopishana na barabara namba 68, kuna nyumba ya kupokea wageni, yenye ramani na jumba la kutazamia nyota. Inaitwa Golden Pond, kwa jina la kijiji kilichoondolewa. Ukiomba ramani ya njia za farasi, omba pia ile ya makaburi.